Tangi la mafuta kwenye boti: lipi uchague, likae wapi, lifungwe vipi

Wanaotaka kufunga tangi kwenye boti karibu wote huanza na swali moja: alumini au plastiki? Swali lina haki yake, ila halistahili kutangulia. Nimeng'oa matangi mabovu mengi, na machache sana kati yake yaliharibiwa na kitu yalichoundwa nacho. Mengine yote yaliharibiwa na mahali yalipowekwa: ubao uliolowa chini yake, povu lililofungia maji ubavuni, mpira wa mafuta uliopitishwa pasipofika mkono. Kwa hiyo katika ulinganisho huu kila chaguo nalipima kwanza kwa jambo moja: miaka mitano baadaye, utaweza kuliona tangi hilo, kulipapasa pande zote, na kulitoa bila kukata sitaha?

Petroli au dizeli

Hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu hatari zake hazifanani na kila uamuzi unaofuata unategemea jibu lako.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Gari likivuja, mvuke unashuka barabarani na upepo unauchukua. Boti haina pa kuushushia: unateremka hadi kwenye ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya boti yanakokusanyika maji, na kutulia humo kama maji kwenye beseni. Ukifika kiasi cha asilimia 1.4 ya hewa iliyomo, unaweza kulipuka, na cheche ya swichi ya pampu ya ngama inatosha kuuwasha.

Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la nyuzi 52 au zaidi. Isikufanye ulegee, maana dizeli inayotiririka juu ya bomba la moshi lenye moto huwaka vilevile. Lakini tatizo lake la kila siku ni lingine: maji. Maji huzama chini ya dizeli, na pale yanapokutana nayo huota vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi. Ute huo huziba filta, na huziba siku ya mawimbi makubwa, kwa kuwa mtikisiko ndio unaouinua kutoka chini ya tangi. Injini inazimika wakati unapoihitaji kuliko wakati wowote.

Ndiyo maana masharti ya petroli ni makali zaidi. Kanuni za Marekani kwa boti zenye injini ya petroli ya ndani zinataka kila tundu la tangi liwe juu kabisa, tangi lisiwe sehemu ya mwili wa boti, na lisipachikwe kwenye injini. Kwa dizeli kuna nafasi ya kupumua: tangi la chombo cha chuma linaweza kuchomelewa pamoja na mwili wake, na unaweza kuweka koki chini ya tangi ya kutolea maji, mradi iwe na kizibo cha pili kinachohitaji spana.

Kama bado hujanunua injini, na injini yenyewe itakaa ndani chini ya sitaha iliyofungwa, mimi nakushauri dizeli bila kusita. Kama ni injini ya kupachika nyuma, petroli inakubalika, kwa sababu vyanzo vingi vya cheche na joto vimeshatoka nje. Kinachobaki ndani ni tangi na mipira yake, na hivyo unaweza kuvidhibiti.

Tangi la kubeba au la kudumu

Tangi la kubeba, lile jekundu la lita 12 au 25, lina fadhila moja kubwa ambayo tangi la kudumu halitaipata kamwe: unalitoa nje. Unalijaza likiwa chini, juu ya ardhi, mvuke wote ukibaki nje ya boti. Likipasuka unalitupa. Likiingia maji unalimwaga na kulisuuza. Hakuna chumba kilichofungwa cha kukusanya mvuke.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Lisipofungwa kwa mkanda linasafiri ndani ya boti na kuugonga mpira wake. Juani linavimba, na aina mpya ambazo hujifunga tundu la hewa zenyewe hushikilia shinikizo ndani. Ukiunganisha mpira bila kufungua kizibo taratibu kwanza, shinikizo hilo linaweza kusukuma mafuta hadi kwenye injini iliyozimwa. Ukimaliza safari, chomoa mpira. Wengi hawachomoi.

Ni lini basi uhame? Piga hesabu. Injini ya petroli ya nguvu farasi 40, ya mipigo minne, ikifunguliwa yote hunywa karibu lita 15 kwa saa. Ukiibana kidogo, tuseme lita 10. Safari ya saa moja na nusu kwenda na muda huohuo kurudi ni lita 30. Mabaharia wana kanuni ya theluthi: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Kwa hiyo unahitaji lita 45, yaani matangi mawili ya lita 25. Hapo bado matangi ya kubeba yanafaa, na mimi nisingekusukuma kukata sitaha. Yakifika matatu au manne, na ukajikuta unahamisha mafuta katikati ya mawimbi kwa mpira wa kunyonya, umeshavuka mpaka. Funga tangi la kudumu.

Kuna kitu kimoja ambacho hakimo kabisa kwenye ulinganisho: dumu la maji, pipa la kemikali au tangi la maji ya kunywa lililogeuzwa la mafuta. Plastiki yake haikutengenezwa kwa petroli, na shingo yake haikutengenezwa kwa mtikisiko.

Tangi lenyewe: alumini, plastiki, stenlesi, chuma, faibaglasi

Kwanza uzito, kwa sababu ndio unaoweza kuupima kabla hata ya kununua. Nimechukua tangi la lita 100 lenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 20. Hesabu ni ya kuta za nje tu.

| Limeundwa kwa | Unene | Uzito | Petroli | Dizeli | Adui yake |
|---|---|---|---|---|---|
| Alumini | mm 3 | kilo 13 | ndiyo | ndiyo | unyevu uliofungiwa |
| Plastiki (poliethilini) | mm 6 | kilo 9 | ndiyo | ndiyo | kubanwa |
| Stenlesi | mm 2 | kilo 26 | kwa masharti | ndiyo | mishono |
| Chuma cheusi | mm 3 | kilo 38 | hapana | ndiyo | kutu ya nje |
| Faibaglasi | mm 6 | kilo 15 | kwa tahadhari kubwa | ndiyo | ethanoli |

Ongeza mafuta yenyewe: lita 100 za petroli ni kama kilo 74, za dizeli kama kilo 84. Kwa boti ndogo, mahali unapoweka kilo hizo ni jambo kubwa kuliko tofauti ya kilo 4 kati ya alumini na plastiki.

*Alumini.* Niliwahi kuitwa kwenye boti iliyonuka petroli kila asubuhi, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha mipira yote. Tukatoa tangi. Juu liling'aa. Ubavuni liling'aa. Tulipoligeuza tukaona mistari mitatu myeupe, kila mmoja una upana uleule wa ubao uliokuwa umelibeba. Nikakwangua mstari wa katikati kwa ukucha, ukadondoka unga kama chokaa, na nyuma ya unga kulikuwa na tundu la kupitisha sindano. Sentimita mbili pembeni ya mstari, bati lilikuwa zima kama siku lilipokunjwa. Mbao zenyewe zilikuwa bado zimelowa maji ya chumvi.

Hadithi ya alumini karibu yote imo humo. Chuma hiki hujikinga kwa ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo inahitaji hewa ili ijirudishe inapokwaruzwa. Ubao, zulia, povu bovu au kipande cha mpira wa sponji kikikaa na maji juu yake, hewa haifiki, chumvi inabaki, na bati linaliwa kutoka nje kuja ndani. Mafuta hayana hatia.

Kwa hiyo ukichagua alumini, nunua bati la mfululizo wa 5000, yaani 5052, 5083 au 5086. Viwango vya ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, vinaanzia unene wa milimita 2.3. Mimi huagiza milimita 3 au 4, kwa kuwa unene ni muda. Kisha likalishe juu ya vipande vyembamba vya plastiki ngumu isiyonyonya maji, vilivyogandishwa kwenye bati lenyewe kwa gundi ya kuziba, ili maji yasipenye katikati. Acha nafasi ya hewa pande zote. Uso wa juu uelekee upande mmoja kidogo ili maji yasisimame. Tangi lisiguse sehemu ya chini kabisa ya ngama, na shaba au brasi isiungwe moja kwa moja kwenye alumini, kwa sababu zikipata maji ya chumvi alumini ndiyo inayoliwa. Weka kiungo cha stenlesi katikati yao.

Wengine hulizungushia povu ili lisitikisike. Povu likishikamana vizuri na bati lote na maji yasipate njia, linafanya kazi. Lakini ukilifunika hivyo hutaliona tena, na siku ya kulitoa utakata kwa msumeno. Mimi nachagua vitako, yaani vile vipande vya plastiki ngumu, na mikanda.

*Plastiki.* Haishiki kutu, haina mshono, haijali unyevu, na ni nyepesi. Kwa boti ndogo ya petroli ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi. Ila ina tabia ambayo mafundi wengi hawaiambiwi: poliethilini hunywa petroli na kutanuka kwa asilimia 2 hadi 3 katika wiki za mwanzo. Tangi la mita moja linaongezeka sentimita 2 au 3 na halirudi. Ukilipima likiwa jipya na kulitengenezea kisanduku cha kulibana, baada ya mwezi litasukuma kuta, litajikunja juu, na viungo vyake vya mipira vitaanza kupinda. Acha pengo, na mikanda iwe ya kulishika tu.

Plastiki ya kawaida pia hupitisha mvuke kidogo kidogo kwenye kuta zake. Matangi mapya yana tabaka la kuzuia, ya zamani hayana. Vyovyote iwavyo, chumba chake lazima kiwe na hewa inayopita. Halafu haikupi umbo unalotaka: unachukua vipimo vilivyopo dukani, wakati alumini unamchorea fundi wa kuchomelea kufuata mkunjo wa boti. Na kwa matangi makubwa, mara nyingi hukosa kuta za ndani za kuvunja mawimbi. Kwa lita 100 sioni shida. Kwa lita 300 naanza kuona.

*Stenlesi.* Hili ndilo linaloponza watu, kwa sababu linapendeza macho. Bati huwa jembamba, na kando ya mishono, kwenye mianya isiyopata hewa, linaliwa taratibu bila kutoa dalili yoyote kwa nje. ABYC wamebana sana stenlesi kwa petroli: tangi liwe la mviringo kama mtungi, ncha zake ziwe za kuba, na ujazo usizidi kama lita 75. Kwa dizeli ni chaguo halali, kama ni 316L, aina ya stenlesi inayostahimili chumvi zaidi, na aliyelichomelea anajua kulinda upande wa ndani wa mshono wakati wa kazi. Kama hujui aliyelichomelea, usinunue kwa mng'aro wake.

*Chuma cheusi* ni cha dizeli na cha vyombo vikubwa vinavyobeba uzito. Ndani kiache bila rangi, dizeli yenyewe inakilinda. Nje kipake epoksi nzito, hasa juu ambako maji ya sitaha hudondokea. Usikubali kilichopakwa zinki ndani: zinki na dizeli hazipatani, hutengeneza uchafu unaoziba filta.

*Faibaglasi* inafuata umbo la boti kuliko zote na hailiwi na kutu. Shida yake imo kwenye utomvu uliotumika. Matangi mengi ya zamani yalijengwa kabla petroli haijaanza kuchanganywa na ethanoli. Pale majimbo ya New York na Connecticut yalipopiga marufuku kiongezo cha petroli kiitwacho MTBE kuanzia Januari 1, 2004 na ethanoli ikachukua nafasi yake, wenye boti za zamani zenye matangi ya namna hiyo walipata somo gumu: kuta zililainika, na kilichoyeyuka kilienda kuganda ndani ya injini. Kwa dizeli, faibaglasi iliyojengwa vizuri ni nzuri. Kwa petroli, kama huna uhakika kamili na utomvu wake, likwepe.

Moja kubwa au mawili

Tangi moja lina viungo vichache, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja. Mawili yanakupa kitu kingine: ukijaza mafuta machafu, unachafua moja tu. Kwa safari ndefu za dizeli naona fadhila hiyo inatosha kulipia viungo vya ziada. Mawimbi ya ndani nayo hupungua, kwa kuwa mafuta yanayocheza kwenye tangi pana huvuta boti upande ilikokwishainamia. Tangi kubwa lolote liwe na kuta za ndani zenye matundu, na eneo la matundu hayo lisizidi asilimia 30 ya ukuta.

Lakini ukifunga mawili kwenye dizeli, kumbuka mpira wa kurudisha. Injini nyingi za dizeli huvuta mafuta zaidi ya zinayochoma na kuirudisha ziada. Nilikuwa kwenye boti moja iliyovuta kutoka tangi la kushoto, huku mpira wa kurudisha umeungwa moja kwa moja na tangi la kulia, ambalo lilikuwa limejaa pomoni. Baada ya muda tukaona nyuma yetu utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Dizeli ilikuwa inatiririka kwenye tundu la kupumulia la kulia, na la kushoto linaisha kwa kasi ambayo geji ilituonyesha nasi hatukuiamini. Koki ya kuvuta na koki ya kurudisha zigeuzwe pamoja, mafuta yarudi yalikotoka.

Mipira na bomba

Kati ya mpira na bomba la shaba, mimi nachagua mpira. Shaba haipitishi mvuke na haiungui haraka, kweli, ila mtikisiko huikomaza mpaka ikapasuka karibu na kiungo, na bado utahitaji kipande cha mpira kati yake na injini.

Lakini mpira gani? Soma maandishi ubavuni mwake. Kwa mfumo wa Marekani, herufi A humaanisha umestahimili jaribio la moto la dakika 2.5, B haukujaribiwa kwa moto. Namba 1 ni wa kujazwa mafuta muda wote, 2 ni wa sehemu ambayo kwa kawaida haina mafuta ndani, kama kujazia na kupumulia. Kwa hiyo A1 ndio unaofaa kila mahali. A1-15 ni bora zaidi kwa petroli, unapitisha mvuke usiozidi gramu 15 kwa mita ya mraba kwa siku. Kwingineko utakuta alama ya ISO 7840, nayo ni ya mpira unaostahimili moto. Mpira wa maji unaoonyesha ndani, unaopendwa kwa sababu unaonyesha mafuta yakipita, hugumika, hupasuka na huyeyuka kwa moto mdogo. Hauna nafasi hapa.

Mpira wa zamani upime hivi: futa kwa kitambaa safi kikavu, kisha nusa kitambaa. Kikinuka petroli, mpira umekwisha, hata kama kwa macho ni mzima.

Vibano viwe vya stenlesi vya kukaza kwa skrubu, si vya springi. Viwili kwenye mpira mnene wa kujazia. Kwenye viungo vidogo ambako cha pili kingeningʼinia nje ya ncha ya kiungo, kimoja kizuri kinatosha; cha pili hapo kinakata mpira tu.

Kujaza, kupumua, kufunga

Mpira wa kujazia uwe na kipenyo cha ndani cha milimita 38 au zaidi, ushuke bila kuwa na shimo la kutuamisha mafuta. Mdomo wake uwe mahali ambapo yakimwagika yanaenda baharini kupitia ukingo, kamwe si ndani ya boti. Ukiwa wa chuma, uunganishe kwa waya na tangi la chuma na sehemu ya ardhi ya umeme wa boti ili umeme tuli usiruke kama cheche. Kanuni ya Marekani ni ukinzani chini ya omu 100. Kazi ya waya mmoja, na nimeikuta haijafanywa kwenye boti za kila aina.

Mpira wa kupumulia upande juu kwanza kabla ya kutoka ubavuni, ili wimbi lisiingie. Tundu lake liwe na wavu wa kuzuia moto, na liwe mbali na dirisha au tundu lolote la hewa la boti kwa sentimita 40 hivi. Mvuke unaotoka hapo wakati wa kujaza ni mwingi, na ukikuta dirisha wazi utaingia.

Usijaze mpaka juu. Petroli hutanuka kwa karibu sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja. Lita 200 zilizotoka kwenye tangi la chini ya ardhi zikiwa baridi, zikipata joto la nyuzi 15 zaidi kwenye boti iliyoegeshwa juani, zinaongezeka karibu lita 3. Hizo zitatoka kwenye tundu la kupumulia.

Kinga ya kunyonya: tangi likiwa juu kuliko injini na mpira ukapasuka, mafuta yatatiririka yenyewe mpaka yaishe. Unaweza kuweka valvu ya kuzuia kunyonya penye kutokea mafuta, au kupitisha mpira wote juu kuliko kimo cha tangi. Njia ya pili haina kitu cha kuharibika, na kwenye boti inayoruhusu ndiyo ninayoichagua. Valvu hukwama na uchafu, na injini inakosa mafuta huku fundi akihangaika na kabureta. Juu ya hayo, weka koki ya kufunga unayoweza kuifikia bila kuinama juu ya injini.

Filta ya kutenga maji weka kwa petroli na kwa dizeli. Iwe ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa petroli; kwa dizeli 30 au 10 kabla ya ile nyembamba ya injini. Bakuli la plastiki ni zuri kwa kuona maji, lakini ndani ya chumba cha injini tumia la chuma, au lililokingwa dhidi ya moto.

Kwa petroli ya ndani, feni ya kutoa mvuke haina mjadala. Mpira wake wa kunyonya ushuke karibu na chini ya chumba, juu kidogo ya maji ya ngama, na feni yenyewe iwe ya aina isiyotoa cheche. Iwashe dakika 4 kabla ya kuwasha injini, kisha fungua chumba unuse. Pua yako ikikataa, usiwashe.

Kwa boti gani, tangi gani

Boti ya wazi yenye injini ya nyuma na safari za saa chache: matangi ya kubeba, yafungwe kwa mikanda, yachomolewe jioni.

Boti hiyohiyo ikienda mbali: plastiki ya kudumu, lita 80 hadi 150, chini ya kiti au ndani ya kasha la katikati lenye matundu ya hewa juu na chini. Ukihitaji umbo ambalo plastiki haina, alumini ya milimita 3 juu ya vitako vikavu.

Boti yenye injini ya petroli ndani: alumini au plastiki iliyojaribiwa kwa moto, viungo vyote juu, feni, A1-15 kila mahali. Usibane hesabu hapa.

Chombo cha dizeli cha mbao au faibaglasi: alumini nene, au stenlesi 316L kama unamwamini mchomeleaji, yakiwa mawili kama safari ni ndefu. Chombo cha chuma: chuma cheusi chenye mlango wa kuingiza mkono na kusafisha. Mlango huo udai hata kama fundi atakuambia hauhitajiki. Bila huo, ute wa chini utaukuta siku ya dhoruba.

Kabla ya kufunga sitaha

Ziba matundu yote ya tangi, unga geji ya shinikizo, jaza hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka shinikizo la paundi 3 kwa inchi ya mraba, yaani kilopaskali 20 hivi, na si zaidi. Usitumie mashine ya kujazia upepo magurudumu, itavimbisha kuta na kuvunja mishono kabla hujaona sindano ya geji ikisogea. Paka maji ya sabuni kila kiungo, kila mshono, polepole kwa brashi ya rangi. Povu dogo likitokea, kaza au fungua upya. Sindano ibaki palepale kwa muda wa kunywa chai.

Kisha tia lita 10 za mafuta, tikisa boti, washa feni, subiri. Pitisha kitambaa kikavu chini ya kila kiungo. Kikitoka kikavu kote, jaza robo, ondoka na boti taratibu kwa nusu saa, rudi na upitishe kitambaa tena, maana kiungo kilichokaa kimya kwenye gati kinaweza kulegea kwenye mtikisiko. Sitaha ifunge baada ya hapo.